Kinyago cha shetani, ndege wa radi au daftari la ndoto: ushike njia ipi?

Kila baada ya miezi michache hunijia kijana mwenye daftari lililojaa macho. Jicho kwenye paji la uso, jicho kwenye kiganja, jicho ndani ya tumbo la samaki. Ukurasa wa pili una nyoka anayejimeza mkia, wa tatu mwanamke ambaye nywele zake ni mizizi. Kijana ananyamaza kidogo, kisha anauliza: “Dada, nataka kuchora mambo ya roho, lakini yawe yangu. Nimfuate nani?”

Zamani nilikuwa namtajia majina ya wachoraji, basi. Siku hizi namrudishia swali: ukichora vibaya, nani atakwambia umekosea? Wengi hucheka wakidhani natania. Lakini nimezipitia njia tatu ambazo vijana hawa huzitamani, na kila nikizilinganisha naona zinatofautiana zaidi kwa huyo mwenye haki ya kukukosoa kuliko kwa sura ya michoro yenyewe. Ya kwanza iko hapa kwetu, Dar es Salaam na Mtwara: mashetani ya wachongaji wa Kimakonde. Ya pili iko Kanada, kwa mchoraji Norval Morrisseau. Ya tatu ilianzia Uswisi, katika daftari la daktari wa akili Carl Jung, na ndiyo iliyotuletea neno arketipu, yaani zile sura zinazojirudia katika hadithi na ndoto za watu wa kila mahali: mama, kivuli, mzee wa busara, mjanja. Huyo mjanja sisi tunamjua kwa majina mawili, Sungura na Abunuwasi.

Kwanza: nani anamwendea nani?

Neno shamani, jina wanaloitwa waganga wanaoongea na roho, limetoka Siberia, katika lugha ya Waevenki. Kwa maana hiyo ya asili, shamani ni msafiri. Anapiga ngoma, mwili unabaki pale pale, roho yake inapanda juu au inazama chini kutafuta kilichopotea au kuongea na wakubwa wa huko. Baadhi ya watu wa Siberia huiita ngoma yenyewe farasi, kwa kuwa ndiyo inayombeba.

Pwani yetu mambo huenda kinyume chake. Pepo ndiye anayekuja. Anampanda mtu kichwani, na mtu aliyepandwa huitwa kiti. Mganga haendi popote: anafukiza ubani, anaandaa chano, anamuuliza pepo jina lake nani, katoka wapi, anataka nini. Na pepo hujibu, maana pepo wa pwani wana madai kama wageni wa harusini: huyu anataka kitambaa cheupe, yule anataka marashi, mwingine hataki kusikia habari ya samaki.

Nayataja haya mapema kwa sababu picha hufuata mwendo. Anayesafiri huchora njia, ngazi, mabawa, tabaka za juu na za chini, viumbe walio katikati ya kugeuka. Anayejiwa humchora mgeni: sura yake, mavazi yake, njaa yake. Fungua daftari lako utazame. Kama limejaa milango na ndege, wewe ni wa safari. Kama limejaa nyuso zinazokukodolea macho, basi kuna waliokuja na hujawauliza wanataka nini. Mimi ni wa nyuso. Nilijaribu miaka miwili kuchora mabawa, yakatoka kama mapazia.

Mashetani ya mpingo

Wanavyosimulia wenyewe wachongaji, yapata mwaka 1959 Samaki Likankoa, Mmakonde wa kutoka Msumbiji aliyekuwa akichonga Dar es Salaam, alikuwa na sanamu ya mtu ikavunjika mkono. Mpingo haupatikani kirahisi, kwa hiyo hakuitupa. Akalala nayo moyoni, akaota; alipoamka akaukata na ule mkono wa pili, akachimba macho, akaupinda mdomo, na sanamu ya mtu ikawa nnandenga, kiumbe wa porini anayetajwa katika hadithi za Kimakonde. Akampelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago mjini. Mwenye duka angeweza kukikataa. Akakinunua, akataka vingine.

Naipenda simulizi hii kwa kuwa ina kila kitu kinachohusu sanaa ya mtu binafsi: ajali, ndoto, na mteja. Vijana wengi wanataka ndoto peke yake. Wanadhani mteja anaichafua. Lakini bila Peera kusema leta vingine, huenda Samaki angerudi kwenye sanamu za wabeba maji na wazee wenye fimbo zilizokuwa zikinunuliwa na Wazungu wa wakati ule, na sisi tusingekuwa na neno shetani kwenye orodha ya mitindo ya vinyago.

Tena angalia alichokichagua na alichokiacha. Wamakonde hao hao wana mapiko, vinyago vya mbao nyepesi vinavyovaliwa kichwani kama kofia nzima, vingine vikiwa vimebandikwa nywele za binadamu, vya kuchezea ngoma za jando. Lipiko lilikuwa na siri: wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawakupaswa kujua ni nani aliyemo ndani. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaamua lipiko sasa litakuwa na jicho moja tumboni kwa kuwa ameota. Wazee watamuuliza. Shetani wa mpingo hana jando, hana mwiko wa kutazamwa, hana tarehe ya kuchezwa. Aliingia mjini pamoja na wachongaji wenyewe, watu waliovuka mto Ruvuma kutafuta kazi, wengi wakianzia mashamba ya mkonge. Ndiyo maana mchongaji anaweza kumpa titi moja, sikio kama jembe, mguu unaotokea begani, na hakuna mtu atakayesema ametoboa siri.

Basi nani anakosoa? Anayekaa benchi la pembeni. Nenda Kijiji cha Vinyago Mwenge siku isiyo na watalii, ukae kwenye kigogo, usikilize. Mafundi hawazungumzii maana ya kiroho hata mara moja. Wanasema: hapa umelazimisha. Mpingo una moyo mweusi na kando yake mbao nyeupe yenye manjano kidogo, una mafundo, una nyufa, na gogo lenyewe hupinda linavyotaka. Fundi mzuri analigeuza gogo nusu siku kabla tezo haijagusa. Mahali palipopinda ndipo mgongo wa shetani, tundu la mdudu ndilo jicho. Aliyelazimisha hujulikana mara moja, kwa sababu umbo linakwenda huku na nyuzi za mti zinakwenda kule, na baada ya mwaka mmoja litapasuka hapo hapo. Huo ndio ukosoaji mkali kuliko wowote ninaoujua, na haugusi imani ya mtu.

Pembeni ya shetani kuna mtindo wa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, ambao chimbuko lake hutajwa Roberto Yakobo Sangwani. Kabla ya siasa kuupa jina hilo uliitwa dimongo, nguvu, na inasemekana ulianza kama picha ya mwanamieleka anayebebwa na wenzake. Kama daftari lako limejaa mababu, ukoo na mama wenye watoto wengi, usihangaike na mashetani. Nenda kwenye mnara. Sitaurefusha hapa kwa kuwa vijana wa macho na nyoka huwa hawauulizii.

Usipoweza kuchonga je? Hapo ndipo anaingia George Lilanga, mwenyeji wa upande wa Masasi, aliyefariki mwaka 2005. Alianza na kuchonga, akaja Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha hapo mjini, na hapo hapo akaingia kwenye batiki, ngozi, mbao na rangi za mafuta. Kufikia mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Washington. Alichofanya ni kuwatoa mashetani kwenye mpingo na kuwaleta mtaani. Wana masikio makubwa, matumbo yaliyotangulia, midomo inayoning'inia, vidole pungufu ya vyetu, na wana maisha: wanacheza ngoma, wanabeba watoto, wanagombana, wanasengenyana. Nafasi yote imejazwa, hakuna pa kupitisha sindano. Ukitaka kuona jinsi kitu cha kuogofya kinavyoweza kuchekesha bila kupoteza nguvu yake, mtazame Lilanga kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kasoro za njia hii ni mbili. Ya kwanza ni wingi. Maduka yamejaa mashetani yanayofanana kama mapacha, mengine ya mbao laini iliyopakwa rangi ya viatu ikaitwa mpingo. (Kikune chini kwa ukucha, au kinyanyue tu: mpingo ni mzito kama una deni nao.) Ukianza kwa kunakili vya dukani, utakuwa unanakili nakala ya nakala, na hapo hutapata hata ukosoaji, utapata bei ya jumla. Ya pili ni jina. Mnunuzi wa nje akisikia shetani anaona hadithi nzuri; shangazi yako anasikia Ibilisi. Nilipoweka kinyago kimoja sebuleni, mama mkwe alikuja kututembelea, akakitazama wakati wote wa chai, na alipoondoka tulikikuta kimegeuziwa ukutani. Hakusema neno. Kama familia yako ni ya kukemea mapepo kila Ijumaa usiku, jiandae kujieleza, au tafuta jina lingine la kazi zako.

Ndege wa radi

Morrisseau aliyefariki mwaka 2007 alikuwa Mwojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada, watu ambao wenyewe hujiita Waanishinaabe. Alilelewa na babu na bibi yake karibu na Ziwa Nipigon, katika jimbo la Ontario. Babu alikuwa mganga aliyempa hadithi na alama za kale. Bibi alikuwa Mkatoliki aliyempa Biblia. Akiwa na umri wa miaka 6 alipelekwa shule ya bweni ya Kikatoliki, zile shule zilizokusudiwa kuwafuta watoto lugha na mila zao, na hakudumu. Akiwa kijana aliugua sana, akafanyiwa ibada ya uponyaji, na humo akapewa jina jipya: Ndege wa Radi wa Shaba, kwa jina la ndege mkuu wa hadithi zao. Jina hilo ndilo alilotia saini kwenye picha zake, kwa herufi za Kikrii, lugha nyingine ya wenyeji wa asili wa Kanada, alizofundishwa na mkewe.

Picha zake utazitambua hata ukiwa umbali wa mtaa. Mstari mweusi mnene unazunguka kila kiumbe. Ndani yake unaona matumbo, mayai, roho, kama mwili umepigwa eksirei. Mistari mingine inatoka kwa dubu kwenda kwa mtu, kwa mtu kwenda kwa samaki, na ndiyo inayobeba nguvu kati yao. Kuna miduara iliyogawanywa katikati. Rangi zinapiga kelele. Mwaka 1977 alichora kazi ya paneli 6 ya mtu anayegeuka ndege wa radi, na humo safari ya shamani inaonekana hatua kwa hatua: mwanzoni mtu mwenye manyoya kidogo, mwishoni mabawa matupu. Hii ni sanaa ya anayekwenda, kwa ukamilifu wake.

Sasa swali letu. Nani alimkosoa? Wazee wake. Alipofanya maonyesho Toronto mwaka 1962, picha ziliuzwa zote siku ya ufunguzi, huku nyumbani baadhi ya wazee wakikasirika kwamba ametoa nje hadithi za ibada zilizokuwa zikihifadhiwa kwenye mikunjo ya magome ya miti na kwenye vifua vya watu. Alijitetea kwamba anawarudishia watu wake fahari iliyoporwa. Sitaamua ugomvi huo, hauniombi. Ninachojua ni kwamba alikuwa na haki ya kugombana, kwa sababu alikuwa mtoto wa nyumba. Alijua ni hadithi ipi anayoitoa na nani ataumia.

Mimi sikuwa na haki hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya jalada la kitabu cha hadithi za watoto. Nilikuwa nimejaza simu yangu picha za mtindo huo, nikachora kobe na samaki wenye mistari minene na miduara iliyogawanyika, nikiamini ni mapambo tu. Mwenye kitabu alifurahi, malipo nikapokea. Kisha mgeni mmoja kutoka Kanada akaliona jalada mezani, akaniuliza kwa upole ule mduara una maana gani kwenye hadithi yangu. Sikuwa na jibu. Wala hakunigombeza, na nadhani ndiyo maana bado nalikumbuka. Ule mduara kwake ulikuwa na mchana na usiku, wema na ubaya, mbingu na nchi. Kwangu ulijaza pembe iliyobaki tupu.

Kwa hiyo njia hii nakushauri uitazame, usiivae. Kuna mambo unaweza kuyachukua bila kuiba: kwamba mstari mmoja unaweza kuonyesha uhusiano kati ya viumbe wawili ambao hawagusani, kwamba ndani ya mwili pana habari kuliko nje, kwamba kugeuka kwa kiumbe kunahitaji picha kadhaa na hakutoshi kwenye moja. Chukua hayo, kisha mchore fisi wa hadithi za bibi yako. Na kama nia yako ni kununua, uwe mwangalifu mara mbili: mwaka 2023 polisi wa Ontario waliwafungulia mashtaka watu 8 kwa kughushi kazi za Morrisseau, na zaidi ya picha 1,000 zilikamatwa.

Daftari la ndoto

Jung alikuwa na miaka 38 mwaka 1913 alipoanza kuona mambo. Alikuwa daktari mwenye jina, ana mke na watoto, ametoka kukosana na mwalimu wake Freud. Badala ya kuyafukuza maono akayakaribisha, akaongea nayo, akayaandika, kisha kwa miaka mingi akayanakili kwa mwandiko wa kupamba na kuyachora kwa rangi katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Kitabu hicho kilikaa kimefungiwa, sehemu ya muda huo kwenye sanduku la benki, mpaka kilipochapishwa mwaka 2009.

Mmoja wa waliomjia alikuwa Philemon, mzee mwenye pembe za fahali na mabawa ya ndege mdiria, anayepita angani ameshika funguo 4. Jung akamchora. Siku zile zile akaokota mdiria aliyekufa bustanini kwake, kando ya ziwa, ndege ambaye huonekana kwa nadra upande ule. Msomaji wa Zanzibar hapa atatabasamu: huyo ni rohani kabisa, mmoja wa wale pepo wa pwani, ana sura, ana vazi, ana mafundisho, na amemchagua mtu wake. Tofauti ni kwamba Jung hakuwa na mganga wa kumuuliza Philemon anataka nini. Ilimbidi awe mganga na kiti kwa wakati mmoja.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa arketipu hulisahau. Jung anasimulia kwamba alipokuwa katikati ya kazi hiyo alisikia ndani yake sauti ya mwanamke ikimwambia hii ni sanaa, naye akabisha kwa nguvu zote. Hakutaka iwe sanaa. Alihofu kwamba akiiita sanaa ataitazama kama sinema, awe mtazamaji wa nafsi yake, asiwajibike kwa alichokiona. Kwa hiyo ukisema unafuata njia ya Jung katika uchoraji, jua kwamba mwenye njia aliweka kizuizi langoni.

Naye alifika kwetu. Novemba 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaenda kukaa kwa wiki kadhaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kwa watu aliowaita Waelgonyi. Walikaa baraza na kuzungumza kwa Kiswahili cha kuungaunga. Alitaka ndoto zao. Hawakumpa. Laibon mmoja mzee, yaani mganga na mtabiri wao, alimwambia, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani wataalamu wa kabila waliota, wakajua kama vita inakuja, au maradhi, au mvua. Lakini tangu waje Wazungu hakuna aotaye tena, kwa kuwa sasa Mwingereza ndiye anayejua kila kitu. Jung aliisimulia habari hiyo kama msiba, na ni msiba. Mimi kila nikiisoma najiuliza kama mzee hakuwa pia na kijicheko kidogo moyoni. Mgeni anakuja na daftari, anaulizia ndoto zako, na yeye ni wa watu wale wale walioweka bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, juu ya mlima. Unafunga mlango kwa adabu.

Nani anakukosoa kwenye njia hii? Hakuna. Ndoto ni yako, jini ni lako, na mtu akisema halijakaa sawa unamjibu ndivyo lilivyokuja. Uhuru huo unapendeza sana miezi ya mwanzo. Baada ya hapo unaanza kuona kwamba kila mwenzako mwenye uhuru huo huo anachora vilevile: mwezi, nyoka, jicho, mwanamke mti. Arketipu zikichukuliwa bila kijiji huwa nyepesi. “Mama Mkuu” wa mtandaoni hana kanga wala sauti wala deni dukani. Lakini mchukue mama huyo, mpe kanga yenye jina lenye kijembe, mkalishe kibarazani akichambua mchele, na pembeni ya ungo umchoree kivuli kisichofanana na mwili wake. Hapo ataanza kutisha.

Hata hivyo daftari lenyewe, kama zana, sijaona la kulishinda. Liweke kando ya kitanda. Chora kabla ya kuandika, na chora kabla ya kushika simu, kwa sababu ukifungua simu ndoto imekwisha. Usitafute maana siku hiyo. Baada ya miezi mitatu lipekue lote kwa mara moja, uone ni nani anayerudi. Kwangu alirudi mbuzi mweupe aliyesimama juu ya jahazi. Nilikuja kukumbuka baadaye sana kwamba niliwahi kumwona kweli, bandarini, nikiwa na miaka minne au mitano. Kama unachokiona usiku kinakunyima usingizi au kinakuamuru ujidhuru, hilo daftari liweke chini na umwone daktari. Jung mwenyewe aliogopa kupotelea huko, na alijishikiza kwa kazi, mke na watoto.

Mfuko, mikono, muda

Daftari ndilo rahisi kuliko yote: kalamu na karatasi. Rangi za mafuta kwenye bodi, kwa mtindo wa Lilanga, zinahitaji mfuko wa wastani, na vifaa utavipata duka la hadiweya bila kwenda kwenye duka la sanaa. Kuchonga ni habari nyingine. Mpingo unakua polepole mno, bei yake inapanda, na utahitaji tezo, patasi za saizi kadhaa, tupa, msasa, na fundi atakayekubali uharibu mbao mbele ya macho yake. Anza na mbao laini. Ukipata mteja wa nje, kumbuka jenasi yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, iliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo uliza vibali kabla ya kufunga mzigo.

Kwa hiyo nani ashike ipi

Kama mikono yako inawasha, kama ukikaa bure unachonga hata kipande cha sabuni, nenda kwa mashetani moja kwa moja, na nenda kwa mtu, usiende kwa video. Kejeli za benchi zitakufundisha kuliko mimi.

Kama wewe ni wa safari, wa mabawa na milango, na umezaliwa katika nyumba yenye hadithi zake za kupaa na kuzama, iwe ni Mbeya, Kagera au Pemba, basi Morrisseau awe kioo chako cha ujasiri tu. Rudi kwa mzee wako uliza ipi inaruhusiwa kutoka nje. Akisema hii hapana, nyingine zipo.

Na kama hujui wewe ni wa wapi, ndiyo hali ya wengi wetu tuliokulia mjini, lugha moja nyumbani, nyingine shuleni, bibi aliyefariki kabla hatujajua kumuuliza, anza na daftari la ndoto kwa miezi mitatu, halafu lipeleke mahali ambapo litachekwa. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza mara nyingi, ingawa wanaoikubali ni wachache. Kulijaza wanapenda. Kulipeleka hawataki.

Kijana wa mwisho alikubali. Nilimtuma Mwenge Jumamosi moja na lile daftari lake la macho. Fundi mmoja, mtu mzima, alifuta vumbi mikononi, akalipekua lote ukurasa kwa ukurasa bila kusema kitu, kisha akaweka kidole kwenye lile jicho la kiganjani.

“Huyu akishika jembe,” akauliza, “anafumba?”

“Sijui, mzee.”

“Basi hujamwona bado.”

Alirudi kwangu amenuna, akidai mzee haelewi sanaa. Nikampa chai. Tangu siku hiyo amekwisha kuuchora upya ule mkono mara kumi na moja, na katika ule wa kumi na moja jicho lina kope nene, limefumbwa, na pembeni yake kuna malengelenge.